Neno Alilolikalia Shukri

Katika mtaa wa Wayahudi wa mji wa Sanaa hapakuwa na jiko ambalo Shukri hajawahi kuchuchumaa ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuyatia meno mawe ya kusagia. Jiwe likishasaga nafaka miezi kadhaa hulainika, unga ukatoka na madonge, mwanamke akaanza kulaumu nafaka, halafu mkwe, halafu mume, na mwishowe humwita Shukri. Naye huja na nyundo yake yenye ncha, akaligonga jiwe tundu kwa tundu mpaka likarudia ukali wake. Ni kazi ya asubuhi nzima, na mwenye jiko hawezi kunyamaza asubuhi nzima. Kwa hiyo Shukri alijua kila ugomvi wa mtaa, nani kanuna na nani kamsusia nani, na hakuna hata moja lililotoka kinywani mwake. Watu walisema Shukri ni kaburi. Alipenda kuitwa hivyo, na mimi nasema sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mkewe Kadia alikuwa kinyume chake. Lililo moyoni lilikuwa tayari ulimini. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mwepesi wa kutoa, na waliomkimbia kwa ule wa kwanza walimrudia kwa huu wa pili. Alizaa watoto sita akazika watano. Aliyebaki ni Hamama, na Kadia alimshika mtoto huyo kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, bado mama anamsuka nywele kila asubuhi, anamwonjea mchuzi usije ukamuunguza, anamfuata kisimani na kusimama hapo mpaka ndoo ijae. Wenzake walimcheka. Hamama hakuwahi kumjibu mama yake vibaya hata siku moja, lakini Shukri aliona jinsi alivyokuwa akitazama barabara ya kusini wasafiri wa Aden walipopita.

Mmoja wa wasafiri hao alikuwa kijana aitwaye Sabiri, mfanyabiashara wa manyoya ya mbuni, aliyekuja Sanaa kula sikukuu ya vibanda kwa mjomba wake. Alimwona Hamama, akatuma watu. Kadia aliwapa kahawa ya maganda, akawapa na jibu kabla kahawa haijapoa: Aden ni mbali, binti yangu haendi. Shukri alikubaliana naye kwa kichwa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Siku ya pili Kadia alikwenda kumtazama mgonjwa, na Shukri akabaki uani analigonga jiwe la nyumbani kwake. Hamama alikuja akaketi mbele yake, akaweka mkono juu ya jiwe ili asiweze kugonga.

"Baba, mimi nataka kwenda."

Shukri aliweka nyundo chini. Hamama alisema maneno yake bila kulia. Alisema anampenda mama yake lakini hapati pumzi. Alisema akibaki mtaa huu mama yake ataolewa pamoja naye, atazaa pamoja naye, atalea pamoja naye, mpaka mmoja wao afe. Kisha akasema: "Lakini Mama akijua mimi ndiye niliyetaka, atakufa. Mwache adhani ni wewe. Wewe umeshazoea kugombezwa."

Shukri alicheka kwa hilo la mwisho. Hamama hakucheka. Alinyoosha mkono wake, na baba akaushika, kwa kuwa hakuna baba asiyeshika mkono wa mtoto wake ukinyooshwa. Akala yamini palepale kwa jina la Mungu wa Israeli kwamba jambo hilo halitatoka kinywani mwake kwa mtu yeyote, na zaidi ya wote kwa mama, ila kwa ruhusa ya Hamama mwenyewe. Kwetu mkono ukishapeanwa juu ya neno, neno hilo ni kiapo. Shukri alilijua hilo vizuri. Hakufikiri zaidi ya jioni ile.

Basi akaenda kwa mjomba wa kijana, akakubali, akarudi nyumbani akatangaza kama mtu aliyeamua peke yake. Kadia alidhani anatania. Alipoona hatanii alimwita kila jina. Kwa majuma sita hakumsemesha ila kwa kumtukana, na Shukri akayameza yote. Alijipa moyo kwamba anambebea mtoto wake mzigo. Lakini mtu hutukanwa majuma sita kwa kosa lisilo lake, na hata kaburi lina mwisho wa kumeza.

Harusi ilifanywa. Siku saba za karamu Kadia aliwapakulia wageni kwa uso uliofungwa. Asubuhi ya kuondoka, punda walipokwisha kufungwa mizigo mlangoni, alipanda juu ya dari, akaketi akaipa barabara kisogo. Alikuwa na hesabu yake: Shukri akiona mama hashuki kumuaga binti, moyo wake utalegea dakika ya mwisho na atasema safari imevunjika. Hamama alimwita kutoka chini, "Mama!" Akapanda ngazi mpaka katikati. Akasimama pale kidogo, akashuka. Shukri aliwasindikiza mpaka nje ya mtaa, akasimama mpaka vumbi likatulia.

Aliporudi, majirani walikuwa bado wamejaa uani, na sinia la chakula cha asubuhi limeandaliwa. Kadia akashuka. Alitazama sinia, akatazama mahali pa binti yake, na mbele ya wote akainua mkono.

"Naapa kwa Yule akaaye mbinguni: mkate na nyama havitapita kooni mwangu mpaka Hamama aketi tena kwenye sinia hili."

Kila mtu alimgeukia Shukri, kwa kuwa kila mtu alijua kinachofuata. Mke akila kiapo cha kujitesa, mume aliyekisikia ana uwezo wa kukivunja, naye hana haja ya mwanachuoni wala ya shahidi. Anasema tu, "Kimetanguliwa," na kiapo kimekufa. Ila ana siku hiyohiyo moja. Akinyamaza mpaka nyota tatu zikaonekana, kiapo kimesimama, na ni yeye aliyekisimamisha kwa kunyamaza kwake. Wanaume wengi wa mtaa walikwisha kulisema neno hilo, wengine hata kabla mke hajamaliza kuapa.

Shukri alichukua nyundo yake akaenda kazini.

Tuseme ukweli, hakukusudia kiapo kile kisimame. Katika moyo wake kilikwisha kutanguka tangu asubuhi. Alitaka tu Kadia aonje kidogo. Alitaka siku moja, mpaka jioni, mwanamke yule akae na maneno yake mwenyewe na ajue kwamba ufunguo uko kwa mtu aliyekuwa akimwita muuza watoto. Aligonga jiwe la watu siku nzima na kufurahia wazo hilo, na namlaumu kwa hilo zaidi kuliko yote yaliyofuata.

Alirudi mapema, jua bado lipo, akaketi kizingitini. Kadia alikuwa upande wa pili wa ua anachambua dengu. Turkia, jirani wa ukuta mmoja, alikuja akasimama katikati yao.

"Shukri, sema hilo neno. Ni neno moja tu."

"Aniombe," alisema Shukri.

Turkia alimgeukia Kadia. Kadia aliendelea kuchambua. Alikuwa akiinua macho kila mara kumtazama mumewe, na kila macho yao yalipokutana alirudi kwenye dengu zake. Nadhani angekuwa mwanamke mwingine angeomba. Nadhani pia kwamba mume mwingine asingengoja kuombwa. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta wa mji. Nyota ya kwanza ikatoka. Turkia akasema tena jina la Shukri, safari hii kwa upole. Ya pili ikatoka juu ya mnara, na Shukri akasema moyoni, bado, bado ipo moja, ataomba. Kisha akainua kichwa na kuona tatu, na ya nne.

"Kimetanguliwa," alisema kwa haraka. "Kadia, kimetanguliwa."

Kadia alikunja dengu zake kwenye upande wa nguo, akasimama. "Nyota zimetoka, Baba Hamama," alisema. "Zihesabu mwenyewe."

Kesho yake alfajiri Shukri alikuwa mlangoni kwa Mori Pinhasi, mwalimu na hakimu wa mtaa, mzee aliyekuwa akisuka vikapu huku akitoa hukumu. Alimweleza kwamba hakuwahi kutaka kiapo kisimame hata dakika moja, alinyamaza kwa kumkomoa tu. Mori alisema anaamini, na kwamba haisaidii. Siku imepita na neno halikutoka, na neno lililobaki moyoni halitangui kitu. Akamwonya asije akamlazimisha mkewe kula, maana dhambi ya kiapo kilichovunjwa hivyo ingemwangukia yeye. Ila mlango mmoja umebaki. Mume hutangua bila sababu, lakini mwanachuoni hufungua kwa sababu: Kadia aje mbele ya watu watatu, aseme anajuta tangu mzizi, kwamba laiti asingeapa kamwe, nao watamfungua.

Kadia alipoambiwa hayo alikuwa akikoroga uwatu. Alijibu kwamba hajuti. Alisema kama watu watatu wanataka kusikia uongo waende sokoni.

Basi kikawa ndicho kiapo chao. Kadia alioka mkate wa nyumba kila siku, akaubandika ukutani mwa tanuri na kuubandua kwa mikono yake, akauweka mbele ya mumewe, na yeye akala dengu, tende na mtama wa kuchemsha. Siku ya Sabato Shukri alipobariki mikate miwili, alikata kipande kimoja badala ya viwili, na mkono wake ulikuwa ukisita kila mara. Hakuna aliyetukana tena. Kwa kweli Kadia alikuwa mpole kwake kuliko zamani, na Shukri angetoa chochote arudishiwe matusi yake.

Usiku wa Pasaka wa mwaka ule mtaa mzima uliuliza swali moja. Usiku ule kula mkate usiotiwa chachu ni amri, na ni nani aliyesikia Myahudi akiketi kwenye karamu ya Pasaka bila kuuonja? Mori alitafuta siku tatu katika vitabu vyake, akarudi na uso mzito. Mkate usiotiwa chachu nao ni mkate, na aliyeapa asile mkate wote amejifungia na ule. Kadia aliusikiliza uamuzi huo, akaukanda unga mbiombio kabla haujaumuka, akaoka, akawapa watu wa nyumba ya Turkia waliokuja kuketi nao. Mikate ilipopitishwa aliipokea kwa mkono wa kulia na kuipitisha kwa wa kushoto. Mtoto wa Turkia akauliza kwa nini mama huyu hali, akakanyagwa mguu.

Lakini kiapo kilikuwa na mwisho. Hilo ndilo lililowabeba. Barua mbili zilikuja kutoka Aden, na ya pili ilisema Hamama ana mimba, na akishajifungua atakuja Sanaa na mtoto. Kadia alimfanya Shukri aisome mara tatu. Alianza kutarizi kofia ya mtoto kwa nyuzi nyekundu. Mwili wake ulikuwa umekonda, fizi zinatoka damu, na akipanda ngazi alisimama katikati kupumua, lakini usoni alikuwa mtu anayehesabu miezi. Shukri naye alihesabu. Alikuwa na lake: Hamama akija atamwomba ruhusa, na akipewa atamweleza Kadia yote, au wataelezana wenyewe, mama na binti, na yeye atakuwa ametoka kati yao. Hilo halikuwa jambo la kuandika, kwa kuwa barua huandikwa na kusomwa mbele ya watu wengi. Aliona miezi michache si kitu.

Pasaka ya pili ikapita. Mwezi mmoja baadaye mjomba wa Sabiri alikuja akasimama mlangoni bila kuingia, na nguo yake imechanwa kifuani. Hamama alikufa kwa homa huko Aden, na mtoto bado yumo tumboni. Alikwisha kuzikwa siku kumi na mbili zilizopita.

Wakaketi chini siku saba. Majirani walileta chakula cha wafiwa kama desturi, mkate na mayai, na Turkia alikuwa amekwisha kuuweka mkate mbele ya Kadia alipokumbuka. Akaurudisha nyuma. Kila aliyekuwamo chumbani alielewa wakati huohuo. Hamama hataketi tena kwenye sinia lolote. Kiapo kilichokuwa na mwisho kilikuwa sasa hakina.

Siku ya nane Mori Pinhasi alikuja mwenyewe, pamoja na mchinjaji na mwandishi wa hati takatifu za kukunja, wakaketi watatu juu ya mkeka mbele ya Kadia. Shukri alisimama mlangoni. Mori alisema wamekuja kumfungua. Akamwuliza kama anajuta.

"Najuta binti yangu kafa," alisema Kadia.

Mori alimweleza taratibu kwamba hilo halitoshi. Kifo ni jambo lililozaliwa baada ya kiapo, na kiapo hakifunguliwi kwa lililozaliwa baadaye. Anatakiwa ajute tangu siku ile, kana kwamba hakuwahi kufungua kinywa. Mchinjaji, mtu mwenye huruma na asiye na subira, akasema basi aseme tu, maneno machache, ale, apone.

Kadia alimgeukia. "Niseme nini? Siku ile nilinyang'anywa mtoto. Nikirudishwa leo kwenye asubuhi ile, na yule yule kanichukulia mtoto, nitaapa tena. Mnataka niweke uongo juu ya kiapo, mbele yenu watatu, na Mungu wa nne?"

Mori alijifuta macho. Kisha akauliza swali ambalo wanachuoni huuliza wakiwa wamebakiwa na mlango mmoja tu. "Kadia, fikiri. Je, kulikuwa na jambo lolote siku ile, lipo tayari, nawe hukulijua? Jambo ambalo ungalilijua, usingeapa?"

"Kama sikulijua nitalifikirije?" alisema Kadia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Shukri alishika mwimo wa mlango. Mori alimwona.

Alasiri ile Shukri alikwenda kwa Mori akasema ana kiapo chake mwenyewe, na aliyeapiwa hayuko duniani. Mori alimwambia hawezi kufungua fundo asiloliona. Shukri akakaa kimya kitambo kirefu, mtu aliyesifiwa miaka thelathini kwa kukaa kimya, kisha akamwambia lote: jiwe, mkono, kugombezwa, na kwamba Hamama ndiye aliyetaka.

Mori aliacha kusuka. Alisema sheria inajulikana: aliyeapa kwa ajili ya mwenzake hafunguliwi ila mbele ya mwenzake, ili asimdanganye. "Ungemwomba alipokuwa hai," alisema. Shukri alijibu kwamba anajua. Wapo wanaochukua watu kumi wakasimama kaburini kumwomba marehemu ruhusa, Mori akaendelea, lakini Aden ni mwendo wa siku nyingi, na mkeo hana siku nyingi. Akafikiri. Mwishowe akasema kwamba kwa ajili ya amri kubwa hata kiapo cha namna hiyo hufunguliwa, na uhai wa mtu ni amri kubwa. Akawaita wale wawili. Akamwuliza Shukri kama anajuta tangu mzizi.

"Tangu alipouachia mkono wangu," alisema Shukri.

"Umefunguliwa," wakasema. "Umefunguliwa. Umefunguliwa."

Alitoka barabarani akiwa mtu huru kwa sheria, na miguu haikutaka kwenda nyumbani. Alijua sasa ni nini alichonacho mkononi. Angeweza kumpa Kadia mkate, lakini angempa kwa kumwambia kwamba mtoto pekee aliyembakia aliomba kuondoka kwake. Mtu anaweza kufa kwa njaa. Anaweza kufa kwa hilo pia, na Hamama mwenyewe ndivyo alivyosema. Alizunguka mtaa mara mbili. Turkia alimkuta kwenye kona, akamwambia kwamba Kadia ameanguka ngazini, hakuumia sana, ila hawezi kusimama mwenyewe. Hapo Shukri akaenda.

Kesho yake watatu waliketi tena mkekani. Mori alirudia swali lake. Shukri hakusimama mlangoni. Aliingia akachuchumaa mbele ya mkewe, kama alivyozoea kuchuchumaa mbele ya mawe, akasema akitazama mikono yake.

"Mimi sikumtoa. Hamama aliniomba. Aliniapisha nisikwambie."

Kadia hakusogea. Shukri aliendelea kwa kuwa angeacha asingeanza tena. Alisema jinsi Hamama alivyoweka mkono juu ya jiwe, alivyosema anampenda mama yake, alivyosema hapati pumzi. Hilo alitaka kuliruka, lakini alikuwa amekwisha kuruka mengi. Alipomaliza, mwandishi wa hati alikuwa analia waziwazi na mchinjaji anatazama ukuta.

Mori alimwuliza Kadia, kwa sauti ndogo, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize: "Ungalijua hili siku ile, ungeapa?"

Ilichukua muda. Turkia, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisema baadaye kwamba alidhani Kadia amezimia akiwa ameketi.

"Hapana," alisema Kadia.

"Umefunguliwa," wakasema watatu. "Umefunguliwa. Umefunguliwa."

Wakainuka wakaenda, na hakuna aliyejua aage vipi. Turkia alileta mkate wa moto uliotoka tanurini mwake, akauweka katikati yao na kijaluba cha chumvi, naye akatoka. Kadia aliutazama. Alikata kipande, akakitia chumvi, akasema baraka ya mkate taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea maneno. Akatia kinywani. Alitafuna kwa upande mmoja kwa sababu ya fizi zake.

Shukri alisema, "Nilikinyamazia kiapo chako kwa kukukomoa. Nilitaka uniombe. Nisamehe kwa hilo."

Kadia alitikisa kichwa, na ilikuwa wazi kwamba hata hakuwa anafikiria zile nyota tatu.

"Aliniita kutoka chini," alisema. "Alipanda ngazi mpaka katikati. Nilisikia miguu yake. Ungeniambia, ningeshuka. Ningelia, ningempiga, ningemshika mpaka Sabiri aniondoe kwa nguvu, lakini ningeshuka." Alimeza mkate kwa shida. "Sikugeuka, Shukri. Nilidhani nakukomoa wewe."

Shukri alimsogezea maji, naye akanywa, kisha akakata kipande cha pili.